Nile Magharibi: Mwezi wa Kuiona Milima na Barabara ya Kuifikia

Kila Desemba inapokaribia, barabara itokayo Kampala kuelekea kaskazini magharibi hujaa mabasi na magari madogo yanayorudisha watu nyumbani. Ni safari ya karibu kilomita 500 hadi Arua, na kwa wengi haiishii hapo, bali katika vijiji vya Pajulu, Maracha, Koboko na Yumbe. Baada ya siku mbili tatu za kuwaamkia wazee na kuchinja kuku, watoto waliozaliwa mjini huanza kuomba wapelekwe kuiona milima ambayo babu zao huitaja katika hadithi. Gari lipo, petroli imenunuliwa, barabara ni kavu. Familia huondoka asubuhi kwenda Koboko kuutazama mlima Liru, na ikifika haioni mlima. Mbele yake limetanda pazia la rangi ya majivu, na nyuma ya pazia hilo pana kivuli tu.

Hiyo si bahati mbaya. Katika Nile Magharibi miezi yenye barabara nzuri zaidi ndiyo yenye mandhari duni zaidi, na miezi ambayo milima huonekana hadi kila jiwe ndiyo ambayo gari hunasa matopeni. Anayepanga safari ya kutazama nchi analazimika kuchagua kati ya mambo hayo mawili, au kuzitafuta siku chache ambazo yote mawili hupatikana kwa pamoja.

Sababu yake iko katika mvua na upepo. Tofauti na kusini mwa Uganda, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka, Nile Magharibi ina msimu mmoja mrefu. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au mwezi Aprili, hulegea kidogo karibu na Juni, huzidi nguvu kati ya Agosti na Oktoba, kisha hukatika mnamo Novemba. Baada ya hapo hushika zamu upepo mkavu wa kaskazini mashariki. Huo ni ndugu wa upepo ambao mabaharia wa pwani huuita kaskazi, uliosukuma majahazi ya Uarabuni hadi Zanzibar kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba kaskazi ya pwani hupita juu ya bahari, ilhali upepo unaofika Arua umepita juu ya nchi kavu ya Sudan na Sudan Kusini, nao huja na vumbi lake. Vumbi hilo hukutana na moshi, kwa sababu huo ndio wakati ambapo nyasi ndefu zilizokauka huchomwa na wakulima wanaosafisha mashamba na wawindaji wanaofukuza wanyama wadogo. Kufikia Januari jua la mchana huwa jekundu kama la magharibi, na mlima ulio umbali wa kilomita kumi hutoweka.

Nchi zenye theluji nazo zina kawaida ya namna hiyo. Uswisi, barabara ipitayo juu ya mlima Gotthard hufungwa kila mwaka theluji inapoanguka, na magari hulazimika kupita katika handaki lenye urefu wa karibu kilomita 17 lililofunguliwa mwaka 1980, ambamo dereva haoni chochote ila taa na ukuta. Huko msafiri huambiwa mapema kwamba mlango umefungwa. Arua hakuna anayetangaza kwamba milima imefungwa kwa vumbi, na kila mtu hujifunza hilo kwa gharama ya mafuta yake mwenyewe.

Zipo hata hivyo nafasi mbili. Ya kwanza ni kuanzia wiki za mwisho za Novemba hadi siku za mwanzo za Desemba. Mvua imepungua, udongo umeanza kukaza, nyasi bado ni kijani na moto haujawashwa. Hewa huwa imeoshwa na mvua za mwisho. Ya pili ni pale mvua za kwanza za Machi na Aprili zinapolishusha vumbi kabla barabara hazijalowa kabisa. Nafasi hii ni fupi na haina tarehe, maana mwaka mmoja huja mapema na mwaka mwingine huchelewa. Anayeishi Pajulu anaweza kuivizia. Anayetoka Kampala na likizo ya siku nne hawezi, na kwake ni heri aiombe likizo yake ianze mwishoni mwa Novemba badala ya Krismasi, ikiwa mwajiri ni mtu wa kusikia na watoto wamefunga shule.

Kosa ambalo wageni hulifanya mara nyingi ni kuazima kalenda ya kusini. Vitabu vya watalii na madereva wa Kampala husifu Julai kwa safari ya Kabale hadi Kisoro, mahali ambapo barabara hupanda hadi Kanaba na ghafla volkano za mpakani hujitokeza, Muhavura ikiwa mbele yao kwa mita zake 4,127. Huko Julai ni kiangazi. Katika Nile Magharibi mwezi huo unaelekea kwenye kilele cha mvua, na anayefuata ushauri wa Kisoro katika vilima vya Terego au Moyo ataukumbuka ushauri huo akiwa amevua viatu, anasukuma gari.

Atakayelazimika kusafiri wakati wa mvua asikate tamaa lakini. Mvua za huku kwa kawaida hujikusanya mchana na kumwagika alasiri au jioni. Asubuhi huwa safi. Gari linaloondoka Pajulu jua linapochomoza na kuanza kurudi kabla ya saa nane mchana lina nafasi nzuri ya kuiona milima na kuikwepa dhoruba. Jua katika eneo hili huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Giza huingia upesi, bila machweo marefu, na hakuna taa barabarani.

Kwa safari ya siku moja, barabara ya kwanza kufikiriwa ni ile ya Arua hadi Koboko. Ni sehemu ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba yenye urefu wa kilomita 92, iliyowekwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia. Kutoka Arua hadi mji wa Koboko ni takriban kilomita 55, mwendo wa saa moja kwa dereva mtulivu. Wengi huipita haraka kwa sababu ni rahisi, na hapo hukosa jambo lake kubwa. Barabara hii inakwenda sambamba na mgongo wa nchi. Upande wa kushoto wa mtu aendaye Koboko, si mbali, umepita mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na mpaka huo ulichorwa kufuata mahali maji yanapogawanyika. Tone linaloanguka upande wa magharibi wa mgongo huo huingia Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi, kisha mto Congo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Tone linaloanguka upande wa mashariki huingia vijito vinavyokatiza chini ya madaraja ya barabara hii, hufika mto Nile, na hupita Khartoum na Cairo hadi bahari ya Mediterania. Mito kama Enyau wa Arua na Kochi wa upande wa Koboko yote inateremkia Nile. Mtoto aliyefundishwa mito ya Afrika darasani kwa kukariri atalielewa somo hilo vizuri zaidi akisimama juu ya kilima kimoja cha Maracha na kuonyeshwa pande mbili.

Liru lenyewe si mlima wa kushangaza kwa kimo. Uzito wake uko katika masimulizi. Wazee wa Lugbara husimulia juu ya mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao koo nyingi hujihesabu kuwa wametoka kwao. Jaki alifia Liru. Dribidu alifia Wati. Ndiyo maana milima hii miwili, mmoja katika nchi ya Wakakwa kaskazini na mwingine Terego mashariki, hutajwa pamoja ingawa haikaribiani. Mgeni anayetaka kupanda, si kutazama tu, anapaswa kwanza kufika kwa wenyeji walio chini ya mlima, kuwaamkia, kueleza nia yake na kuomba mtu wa kumwongoza. Hiyo ni adabu, lakini pia ni usalama, kwa kuwa mawe ya Wati huteleza baada ya mvua na njia za mbuzi hufanana zote.

Kwenda Wati hakuna lami ya kutegemea. Barabara ya Arua kuelekea Wandi na Yumbe imezoeleka kwa udongo mwekundu na mashimo, na kwa malori yanayohudumia makambi ya wakimbizi. Kiangazi ni vumbi linalomfumba macho anayefuata nyuma ya lori. Masika ni tope. Hapa gari dogo la chini linaweza kupita siku nyingi za mwaka, ila si siku zote, na swali la kuulizwa kituoni Arua kabla ya kuondoka ni kama mvua ilinyesha Terego jana usiku. Madereva wa magari ya abiria wanaoshuka asubuhi wana jibu la uhakika kuliko simu yoyote.

Safari iliyo ndefu na yenye mandhari kuu zaidi ni ya kuendelea mbele ya Koboko, kupitia Yumbe hadi Moyo, na kuteremka Laropi. Kutoka Koboko hadi Moyo ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Kazi ya kuiweka lami, nayo pia kwa msaada wa Benki ya Dunia, ni ya miaka ya karibuni, na msafiri atarajie michepuko, mitambo na vumbi kila mahali ambapo ujenzi haujakamilika. Yumbe ndiyo nyumbani kwa Waaringa na ndiyo yenye Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Agosti 2016 watu walipokimbia vita vya Sudan Kusini kwa maelfu kila siku. Watoto wanaotembea kandokando ya barabara kwenda shule au kisimani ni wengi mno. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupunguza mwendo hapa, kabla ya mashimo.

Baada ya mji wa Moyo nchi hubadilika. Barabara huingia vilima vya Metu, na kutoka hapo hujipinda ikiteremka kwenye bonde la mto Nile. Kaskazini husimama Otzi, mlima wa msitu uliohifadhiwa, ukingo wake ukitazama Sudan Kusini na mji wa Nimule. Mwishoni mwa Novemba, hewa ikiwa safi, mto huonekana chini ukiwa mpana na mweupe kati ya matete, na mtu huelewa kwa nini wageni wote waliotafuta njia ya maji kuelekea kusini walisimama hapa. Dereva anayeteremka afanye hivyo kwa gia ndogo na asiikalie breki. Breki iliyochemka katikati ya mteremko wa Metu haina fundi wa karibu. Aliye na hamu ya kupiga picha asimamishe gari kabisa nje ya njia, kwa maana nyuma ya kila kona huenda kuna lori linalopanda.

Chini, karibu na Laropi, pana mahali ambapo panastahili saa nzima, nalo ni Dufile. Ngome hiyo ilianzishwa mwaka 1874, enzi za Gordon akiwa gavana wa Ikweta kwa niaba ya Misri. Chini yake mto una maporomoko yasiyopitika kwa chombo, hivyo meli za mvuke zilifunguliwa vipande vipande, zikabebwa nchi kavu na kuunganishwa tena Dufile ili ziweze kusafiri hadi Ziwa Albert. Emin Pasha alirithi ngome hiyo, na Novemba 1888 askari waliokuwa humo waliwarudisha nyuma Wamahdi katika vita vikali kabla ya kuiacha. Kwa Wanubi wa Arua na Koboko, ambao wengi wao ni sehemu ya jamii inayozungumza Kiswahili katika eneo hili, hiyo si historia ya watu wengine. Mababu zao walikuwa miongoni mwa askari wa Emin, na baadhi yao walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kupelekwa kusini mwa Uganda. Leo kinachoonekana ni handaki na matuta ya udongo yaliyomezwa na nyasi. Asiyeambiwa anaweza kupita bila kujua.

Laropi pana kivuko cha serikali kinachovusha magari kwenda upande wa Adjumani bila malipo. Hufanya kazi mchana. Gari linalofika jioni hulala ukingoni, na wakati mwingine chombo huwa katika matengenezo; atakayepanga kuvuka aulize mjini Moyo kabla ya kuteremka, kwa sababu kupanda tena vilima vya Metu usiku ni adhabu. Faida yake ni kwamba kutoka Adjumani ipo njia ya kufika Atiak na Gulu, hivyo msafiri wa Kampala anaweza kurudi bila kupita tena Arua wala Pakwach.

Jambo hilo la kuwa na njia ya pili lilijionyesha wazi mwaka 2024. Tarehe 23 Septemba mwaka huo daraja la Karuma, lililofunguliwa mwaka 1963, lilifungwa kwa matengenezo. Magari madogo ya Nile Magharibi yakaelekezwa kupitia Masindi na Paraa, ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Novemba, daraja likiwa bado limefungwa, mafuriko yaliikata barabara ya Olwiyo hadi Pakwach katika eneo la Tangi. Eneo zima likajikuta limebanwa, na bei za bidhaa na nauli zikawa mazungumzo ya kila nyumba. Karuma ilifunguliwa tena Desemba. Tangu hapo mtu mwenye busara hapangi safari ya Nile Magharibi, ya kazi wala ya kutazama, bila kusikiliza kwanza habari za madaraja, hasa mwishoni mwa mvua ambapo mito imejaa ingawa anga ni jeupe.

Kwa wale ambao hawana mwezi mwingine isipokuwa Januari, ipo nchi ambayo vumbi haliiharibu sana: nyanda za juu za Zombo, kutoka Nebbi kupitia Goli na Paidha. Huko uzuri hauko mbali. Uko kando ya gari, katika mashamba ya kahawa, migomba, na misonobari ya msitu wa Lendu, na usiku wake ni wa baridi kiasi kwamba mtu wa Rhino Camp huona ameingia nchi nyingine. Pazia la kaskazi likifunika milima ya mbali, bado kilima kilicho hatua mia mbili huonekana. Barabara zake za udongo zina miinuko mikali, lakini Januari huwa kavu.

Lipo pia suala la mipaka. Koboko imekaa karibu na mahali ambapo Uganda, Congo na Sudan Kusini zinakutana, na soko la Salia Musala huwavutia wageni kwa sababu hiyo. Mipaka hiyo haina ukuta, na njia ndogo inaweza kumvusha mtu bila yeye kujua. Mwishoni mwa Julai 2025 wanajeshi wa Uganda na wa Sudan Kusini walifyatuliana risasi katika eneo la Moyo na Kajo Keji, na watu wakafa. Kwa hiyo anayekwenda Otzi, au popote kaskazini mwa mji wa Moyo, awaulize kwanza maofisa wa wilaya na abaki katika barabara kuu. Kila mtu mzima ndani ya gari awe na kitambulisho chake cha taifa. Na atakayeruhusiwa kuvuka kwa gari katika Oraba au Vurra akumbuke kwamba ng'ambo magari hupita kulia.

Gari lenyewe halihitaji mengi, ila kinachohitajika hakina mbadala. Kiangazi filta ya hewa huziba kwa vumbi ndani ya siku mbili za udongo, na injini huanza kukohoa mlimani pale ambapo nguvu inatakiwa. Tairi la akiba likaguliwe kabla ya kuondoka, si baada ya pancha. Magari mengi yanayotoka Kampala hubeba la akiba lililokwisha upepo tangu mwaka juzi. Petroli ijazwe Arua, Koboko au Moyo, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko yanavyodhaniwa kutosha. Taa ziwashwe hata mchana ikiwa moshi umetanda barabarani, na palipo na moto wa nyika ukivuka njia gari lisubiri, hata kama ni nusu saa.

Linalobaki ni dereva. Katika familia nyingi aliyeendesha usiku kucha kutoka Kampala ndiye huyo huyo anayeombwa keshoye awapeleke watu Moyo, kwa kuwa ndiye mwenye gari na anaona haya kukataa mbele ya wazazi wa mkewe. Safari ya Moyo kwenda na kurudi kwa siku moja ni zaidi ya kilomita 300, nyingi zikiwa za milima na michepuko. Alale kwanza siku mbili Pajulu. Liru na Wati zitamsubiri, na pengine katika siku hizo mbili mvua ya mwisho itapita na kusafisha hewa.